Mtungi wa Togwa

Kwako Yustina, uliyelala nyuma ya pazia,

Ukiamka utakuta nshaondoka. Sanduku lako liko mlangoni, kibali chako kimo ndani ya Biblia, na zaidi ya hapo sitakufunza ule nini wala ulale saa ngapi. Una miaka kumi na saba, na huko bara kwenye chuo cha uuguzi watakuwa na kengele ya kila jambo. Karatasi hizi nimezianza tangu alasiri, na kila ulipoingia nikawa nazitia chini ya mkeka. Zisome zote kabla hujanikasirikia. Ukifika mwisho huenda ukakasirika zaidi, lakini utakuwa unajua ni kwa nini.

Nataka nikwambie habari ya pombe. Utacheka. Umezaliwa ndani ya harufu yake, sasa mamako akueleze nini? Lakini kuna siku moja ya pombe ile ambayo mimi na wewe hatujaizungumza, miaka mitano sasa, na siwezi kuieleza bila ya kuanza na vitu vinavyotiwa ndani, maana ni humo humo nilimokosea.

Pombe ya mtama ina vitu vinne: maji, unga, kimea na chachu. Bibi yako, mamangu, alinifundisha kule shamba Kizimbani, babu yako akiwa kibarua kwenye mikarafuu. Walitoka Unyamwezi mikono mitupu, na kitu pekee ambacho hakuna aliyeweza kuwanyima kilikuwa ujuzi wa kuotesha mtama. Unauroweka mchana na usiku wake. Unauchuja, unautia guniani, unaufunika kwa majani ya mgomba siku tatu, unaunyunyizia maji asubuhi na jioni mpaka utoe vijizizi vya urefu wa ukucha. Vikipita hapo, utamu wote umeliwa na mche. Halafu jua siku mbili, halafu kinu. Hicho ndicho kimea. Pishi moja ya kimea kwa pishi nne za unga. Nimezipima miaka yote na sikukosea hata kibaba.

Maji nilikuwa nayateka bombani, nikiamka kabla ya adhana ili nisikute watu. Kisima cha mtaani kilikuwa hatua kumi na nane kutoka mlangoni kwetu, lakini kina chumvi. Wenzangu waliyatia hayo hayo, kisha wakashangaa mbona wateja wao wanakimbilia chooni.

Babako alipokwenda Tanga alisema ni wiki mbili. Wewe ulikuwa unatambaa. Niliacha kuzihesabu zilipofika mia. Nyumba hii, udongo wake, fito zake na makuti yake, imetoka ndani ya mtungi, na hakuna mwanamume wa mtaa huu anayeweza kusema alinichomekea hata kuti moja. Kunywa walikunywa. Wachukuzi wa bandarini walikuja, na wachumaji wa karafuu wakishuka mjini, na wengine nisiowataja waliokuwa wakitia kofia mfukoni kabla hawajaingia uani. Hao hao nikikutana nao Darajani mchana, walihama upande wa njia. Hilo linanichoma mpaka leo na sitajidai kuwa limenitoka.

Alikuwapo mpishi mmoja mzee, aliyewahi kupikia nyumba ya Mzungu kule Mji Mkongwe. Akishalainika alipenda kunifundisha kazi yangu.

"Agnesi, pombe yako nzuri, lakini inakosa ua."

"Ua gani tena?"

"Ya Wazungu ina maji, shayiri iliyooteshwa kama mtama wako, hamira, na ua chungu. Wanalichemsha humo. Hilo ndilo linaloifanya isiharibike."

"Wana dhiki gani hata wanunue uchungu? Waje kwangu niwagawie."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini nilimwuliza baadaye, peke yetu, ua hilo linafanana na nini na linapatikana wapi. Nilikuwa hivyo. Kila kitu cha kazi yangu nilitaka kukijua kwa kipimo chake, na nilidhani nikishakijua kipimo basi kitu chenyewe kimenitii.

Kimoja hakikutii. Chachu huioni. Waoka mikate wanayo yao ya kopo. Yetu inaishi mtungini. Udongo wa mtungi una vitundu vidogo, na machicha ya pombe iliyopita hukaa humo yakingoja. Ukimimina uji vuguvugu, asubuhi ukitega sikio utausikia unanong'ona. Kwa sababu hiyo bibi yako alikuwa na sheria moja ambayo hakuiregeza hata kwa mgonjwa: mtungi wa pombe na mtungi wa togwa haibadilishani kazi, hata kwa siku moja. Togwa ni uji ule ule na kimea kile kile, bila ya chachu. Inalala usiku mmoja, inanywewa kesho yake ingali tamu, na mtoto mchanga anaweza kupewa. Ukiitia ndani ya mtungi wa pombe, hujui tena umepika nini.

Nilikuwa na mitungi miwili. Wa togwa niliufunga kamba ya ukindu shingoni ili usikosewe hata gizani. Bi Mwanakheri, jirani yetu wa ubavuni, alikuja siku moja akautazama, akaishika kamba ile kwa vidole, akaniuliza, "Mama Yustina, huu haujaingia pombe?"

"Haujaingia na hautaingia. Nakuapia kwa uhai wa mwanangu."

Akaniamini. Mwanamke asiyekosa sala hata moja alikunywa togwa ya mpika pombe kwa sababu ya kiapo changu na kamba ya ukindu. Na nilichomwapia ni wewe, Yustina. Uhai niliouweka pale ulikuwa wako.

Sina haja ya kukwambia Bi Mwanakheri alikuwa nani kwako. Mimi nilikuwa mekoni, yeye ndiye aliyekusuka nywele. Ulijua kusuka ukili wa mikeka kabla hujajua kuandika. Ulikuwa ukiitwa kwetu huitiki, ukiitwa kwake unajibu "naam" na miguu ishafika. Nilikuwa naona wivu, nasema kweli, lakini wivu wa mtu aliyepata nafuu.

Sasa ile Ramadhani. Mwezi ulianguka kaskazi, joto la kupasua ukuta, na Noeli ikaingia katikati yake. Wateja wangu wa kanisani walitaka pombe ya sikukuu, na kila mmoja alitaka zaidi ya mwaka uliopita. Mtungi wa pombe ulichukua madebe mawili. Walioagiza, nilipowajumlisha, walikuwa wa madebe matatu na nusu. Niliutazama ule wenye kamba usiku mzima. Asubuhi nikaifungua kamba, nikautia pombe.

Ilikuwa nzuri, ile. Waliisifu.

Siku ya tatu baada ya Noeli Bi Mwanakheri akanijia mbio, ana furaha. Mkwewe, Mzee Vuai, babake mumewe, anakuja kesho kutoka Nungwi kufuturu kwao. Mzee yule hakuwa na desturi ya kula mjini, alisema chakula cha mjini kina maneno mengi. Anapenda togwa. "Nifanyie ile yako, ndugu yangu. Nataka akirudi Nungwi asimulie."

Ningeliweza kuipika ndooni. Ningeliweza kusema sina kimea. Lakini ndoo angeiona, angeuliza mtungi uko wapi, na ningelazimika kusema nilichoufanyia. Basi nikapiga hesabu, kama kawaida yangu. Nikausuuza mara tatu kwa maji baridi, mara moja kwa maji ya moto, nikauanika nusu siku. Pombe hutaka siku tatu. Togwa hii itakaa saa ishirini tu. Chachu iliyobaki, kama ipo, haitawahi. Nikairudisha kamba shingoni. Niliifunga vizuri kuliko mwanzo.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili. Asubuhi ya siku ile ulisimama nyuma yangu nikiikoroga togwa iliyolala.

"Mama, mtungi huu si ule tulioutia pombe?"

"Nimeuosha."

"Bibi alisema hauoshwi ukatoka chachu."

"Bibi hayupo."

"Mama, Bi Mwanakheri amefunga. Usimpelekee, mama."

"Nshakwambia nyamaza. Utachukua, utasema mama anakusalimu, basi."

Nakumbuka jioni ulivyolichukua jagi la togwa, mikono miwili, kama mtu aliyebeba kitu cha moto.

Yaliyotokea niliyasikia kupitia ua wa makuti. Adhana ikaadhiniwa. Mzee Vuai akafungua kwa tende na maji, wakasali, wakakaa kwenye futari. Nikamsikia anasifu. Akanywa bakuli zima, akaomba la pili. Kulifikia nusu, nikasikia bakuli linawekwa chini. Halafu sauti yake, si ya ukali, sauti ya mtu anayeuliza njia: "Mwanakheri, umenipa nini?"

"Togwa, baba."

"Mwanangu, mimi nimefanya kazi melini miaka sita. Harufu hii nnaijua. Kichwa changu kinaijua."

Akatoka uani, akatia kidole kooni. Nilimsikia. Mzee wa umri ule, amechuchumaa kwenye uwanja wa mkwewe, anajitapisha. Kisha akataka maji, akasukutua, akaenda kulala msikitini. Asubuhi akarudi Nungwi. Hajala tena tonge la mkono wa Bi Mwanakheri, na kila Idi mumewe huenda kwa babake peke yake.

Bi Mwanakheri alikuja na bakuli mkononi, na wanawake wanne nyuma yake. Aliniuliza neno moja: "Nini hii?"

Nilikuwa na muda wa pumzi moja. Nikakutazama wewe.

"Yustina kachota mtungi siwo," nikasema. "We mtoto, sikukwambia mtungi wenye kamba?"

Ulinitazama tu, na mimi nikauchukua mwiko wa kusongea nikakupiga mbele yao. Nilikupiga mara tisa. Najua ni tisa kwa kuwa nilihesabu. Ulilia ya kwanza peke yake. Bi Mwanakheri ndiye aliyenishika mkono, yeye aliyeharibikiwa, akawa ananambia, "Basi, Mama Yustina, basi, mtoto huyo." Halafu akakugeukia wewe, na alilosema lilikupiga kuliko mwiko: "Na mimi nilikuona mwanangu."

Kutoka siku ile hakukuita tena. Na wenzako shuleni wakapata la kusema, nalijua ingawa hukunambia. Nililisikia mwenyewe siku moja nilipokuja kukuchukua mvuani. "Yustina, leo umetuletea togwa?" Ulipita kama hukusikia. Nikajitia na mimi sikusikia.

Watu hudhani mwongo hukaa na hofu ya kugunduliwa. Mimi miezi ya mwanzo nilikuwa na hasira. Niliwakasirikia wao kwa kuwa na dini inayokataza, nikamkasirikia mzee kwa ulimi wake mkali, nikamkasirikia babako aliyeniacha nikawa mtu wa kuhitaji madebe matatu na nusu. Nilikuwa na sababu kwa kila mtu. Wewe peke yako sikukupatia sababu. Ulikuwa ukinisaidia kupepeta mtama vile vile, unanipa ungo, unapokea ungo, na togwa hukuigusa tena. Sikukuuliza kwa nini. Siku moja nilikukuta umelala, nikataka kukwambia, nikasema moyoni, mwache amalize mtihani. Ukamaliza. Nikasema, mwache apone homa. Ukapona. Mimi mwenye hesabu kali nilikuwa napata kila mara siku moja ya kusogeza mbele.

Mitungi ile yote miwili nimeivunja. Usinisifu. Niliivunja nafaka ilipoanza kuwa ya foleni, mtama wa kuliwa hautoshi sembuse wa kulewa. Nikageukia muhogo wa kukaanga. Ungelipatikana mtama, ningelikuwa napika hadi leo.

Juzi nikapata habari kwamba Mzee Vuai hawezi, yuko kitandani, na waliomwona wanazungumza kwa sauti ya chini. Usiku ule sikulala. Leo baada ya chakula, ulipokwenda kuaga kanisani, nikapiga hodi kwa Bi Mwanakheri. Nilipiga mara mbili kabla ya kuitikiwa. Alikuwa anasuka ukili.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri."

"Marahaba. Mtoto anasafiri kesho, nimesikia. Mungu amsahilishie."

"Nimekuja kwa jambo jengine."

"Kaa."

Nikakaa chini, si kwenye kiti. Nikasema, "Yustina hakukosea mtungi. Wenye kamba ndio uliokuwa na pombe. Niliutia mimi, kwa ajili ya Noeli."

Aliendelea kusuka. Nikadhani hakusikia. Kisha akauliza, bila ya kuniangalia, "Yeye alijua?"

"Alinambia asubuhi ile nisikuletee."

Mikono ikasimama. "Mtoto wa miaka kumi na miwili alikwambia."

"Naam."

"Na ukampiga mbele yangu. Mimi nikakushika mkono, nikakuhurumia, masikini Mama Yustina, mtoto kamtia aibu." Akauweka ukili pembeni. "Kwa hivyo hata huruma yangu uliila."

"Nisamehe."

"Leo sikusamehe. Usije ukatoka hapa ukadhani umesamehewa kwa kuwa sikupiga kelele. Mimi miaka mitano namwona mtoto yule anapita mlangoni kwangu, nageuza uso. Anapita na vitabu vyake, ananiamkia, namwitikia kama namwitikia mpita njia. Hilo nalifanyaje?"

Kwa mara ya kwanza sikutafuta sababu ya kumpa.

Akauchukua tena ukili. Halafu akasema, "Mzee hafiki Ijumaa, ndivyo wanavyosema. Anakufa akijua kwamba mke wa mwanawe hakujali alichomtilia mdomoni. Nenda kamwambie."

"Nitakwenda."

"Gari la Nungwi linaondoka alfajiri. Ni moja."

"Kesho Yustina anasafiri. Meli saa nne."

"Nnajua."

"Basi niende keshokutwa."

"Nenda keshokutwa ukaliambie kaburi."

Nikasema, "Nani atamsindikiza mtoto?"

"Mimi," akasema. "Nina la kumwambia. Wewe ulikuwa na miaka mitano ya kumsindikiza."

Basi, mwanangu, ndiyo sababu hutaniona bandarini. Nilidhani nitasimama pale nikupungie mkono mpaka meli iwe kidoti. Nilishashona gauni la siku hiyo, na nilikuwa na haki nayo kuliko mtu yeyote, maana nimekulea peke yangu. Nimeikosa kwa mkono wangu. Ningeweza kukuamsha sasa hivi nikuage. Sikuamshi kwa sababu nakujua: utaamka, utanisikiliza, utasema, "Mama, yamepita, usiende." Na najijua na mimi. Nitakubali.

Sikuombi unisamehe kwa karatasi. Bi Mwanakheri atakuja saa mbili. Umsikilize au usimsikilize, ni hiari yako, hakuna mtu wa kukwambia nyamaza. Na huko uendako, siku moja mkubwa wako wa kazi atakwambia kitu kimeoshwa, nawe utajua hakikuoshwa. Ulilijua hilo ukiwa na miaka kumi na miwili, kabla ya chuo chochote. Sina la kukuongezea.

Maneno ya kumwambia Mzee Vuai nimeyatafuta jioni nzima. Mwanzo yalikuwa mengi, yalikuwa na babako ndani, na foleni ya bomba, na wateja wenye kofia mfukoni. Nimeyapunguza. Nitamwamkia, kisha nitasema: Mtungi niliuharibu mimi. Mwanakheri hakujua. Mtoto alinikataza, nikampiga.

Ni maneno manane. Nayajaribu hapa polepole nisikuamshe. Nikifika la saba narudi mwanzo. Kutoka Darajani mpaka Nungwi ni saa tatu kwa gari, nitakuwa nalisema njia nzima.

Mamako,
Agnesi